Wito wa Baridi

Harufu ilimlaki Makarius kabla hajashika kitasa. Haikuwa harufu ya nyama mbichi, wala haikuwa bado harufu ya mzoga. Ilikuwa pale katikati, ambapo nyama huanza kusahau kwamba iliwahi kuwa ng'ombe. Alitema mate majanini, akafuta mdomo, akaingia kwenye chumba cha baridi cha kituo cha afya cha Rusenga.

Mapaja ya ng'ombe yalining'inia kwenye kulabu za dari. Chini yake, rafuni, yalipangwa maboksi ya chanjo ya kifaduro, pepopunda na dondakoo. Damu ilikuwa imelidondokea boksi la juu na kukauka, doa jeusi lililofunika maandishi mekundu yanayoonya kwamba chanjo ile isigandishwe. Nesi Ernesta alikuwa amepiga magoti, analisugua kwa kitambaa chenye dawa.

"Nani kaleta uchafu huu?"

"Unauliza jibu," Ernesta alisema bila kuinua kichwa. "Umewahi kuona ng'ombe aliyepanda kulabu mwenyewe? Ni nyama ya Ndugu Katibu. Lori la kwenda Kibondo limekwama kwa kukosa dizeli, basi bidhaa yake imekuja kulazwa hapa. Imepata kitanda kabla ya wagonjwa."

"Na kliniki?"

"Ni Jumatatu. Akina mama wa Murungu wanakuja, pamoja na wale waliohamishiwa vijijini juzi, ambao watoto wao hawajaonja sindano tangu wazaliwe. Kifaduro kilivyopita kule mwaka jana unajua." Alikamua kitambaa, maji yakatoka mekundu. "Baridi ikibaki ilivyo, nitachanja. Ikizidi ikagandisha, nitakuwa nawadunga watoto maji."

"Na ikishayeyuka, kwa macho hutajua."

"Nitajuaje? Chupa ni ile ile. Mtoto atalia vile vile, na mama yake atanishukuru vile vile. Atapiga na magoti. Halafu ugonjwa utakuja."

Makarius alitoka mlangoni akatema mate tena, na safari hii haikuwa kwa sababu ya nyama. Ilikuwa kwa sababu ya yule mama atakayepiga magoti kushukuru.

Huyu Makarius alikuwa mtoto wa Kasulu, mwana wa mhunzi, aliyesomeshwa na mapadri mpaka akafika Denmaki kujifunza umeme. Kule, kama mtu anayekwenda kuchota maji akarudi na samaki, aliangukia kwenye kompyuta. Ilikuwa mashine kubwa kama kabati la sakristia, na waliompokea walikuwa wameipa akili ya namna ya pekee. Badala ya kuweka mamlaka yote mahali pamoja, waliweka katikati kiini kidogo, kidogo sana, ambacho hakikushika mtambo wowote. Kazi yake ilikuwa kupokea wito, kutazama kama aliyeita ana ruhusa, na kuupeleka kwa msimamizi wa mtambo unaohusika. Msimamizi mmoja akianguka, wengine waliendelea. Makarius alipewa kazi ya kutengeneza zile nyito za amri. Kusoma na kuandika ni nyito ambazo kila mtambo huzielewa. Lakini kurudisha utepe mwanzo, au kuiambia mashine ya kuchapa ibadilishe karatasi, ni amri ambayo mtambo mmoja tu unaielewa, na kila mmoja una yake. Aliipenda kazi ile mpaka akaona haya kuiungama.

Aliporudi nyumbani aliambiwa kwamba kwa sasa nchi haina haja ya mashine za namna hiyo. Ina haja ya watu wa kutengeneza jenereta. Akapelekwa Rusenga, katika barabara ya Kasulu na Kibondo.

Alikuta mambo yote ya mitambo yamo kichwani mwa mtu mmoja, Mzee Kipriani. Jenereta ni yeye, pampu ni yeye, boila ya mvuke ni yeye, baridi ni yeye. Mzee akiumwa jino, kituo kizima kiliumwa jino. Dizeli nayo ilikuwa ya kubembeleza, hivyo haikuwezekana kuendesha kila kitu kwa pamoja, na kila mkubwa alituma mtu wake mtelemkoni, kwenye nyumba ya mitambo, kwenda kupiga kelele kwamba chake kiwashwe kwanza. Siku moja daktari alikuwa amempasua mtu tumbo, na taa ikazimwa ili pampu ijaze tangi la nyumba ya Katibu. Mtu yule alipona kwa rehema ya Mungu peke yake.

Basi Makarius akachukua nyaya kuukuu za posta, kengele za baiskeli na betri za redio, akatengeneza kiini. Alikiweka katika stoo ya mifagio, na ndani yake akamketisha Mama Odilia, mjane aliyekuwa akifua mashuka, ambaye jioni alihudhuria kisomo cha watu wazima na alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kitabu cha pili.

"Wewe sasa ndiwe kiini," alimwambia.

"Cha yai, mwanangu?"

"Cha kituo. Huwashi pampu, huchemshi maji. Wito unakuja, unatazama kama aliyeita anaruhusiwa, unaupeleka kwa mwenye mashine. Basi."

Mama Odilia alifikiri. "Kama Malaika Gabrieli."

"Namna gani?"

"Alipeleka habari. Hakuchukua mimba."

Makarius alikiri kwamba wale maprofesa wa Denmaki hawakuwahi kulieleza jambo hilo vizuri namna ile.

Kila mashine ilipata mtu wake. Jenereta ilibaki kwa Mzee Kipriani. Baridi ilipewa Nsabimana, mkimbizi aliyevuka kutoka Burundi na watoto wawili na jembe moja, mtu wa milimani ambaye Kiswahili chake kilikuwa bado cha kuokoteza. Kwa ajili ya watu kama yeye Makarius hakutaka maneno katika waya. Alitaka kengele. Mlio mmoja ni washa, miwili ni zima, na mitatu ni kwamba amri ya mashine hiyo peke yake inafuata: kwa baridi, idadi ya mizunguko ya gurudumu la koki.

Wiki ya kwanza nusura mfumo ufe kwa adabu. Makarius alikuwa ameagiza kwamba mwenye mashine akishasikia wito ajibu kwa mlio mmoja. Lakini Mzee Kipriani ni Mha, na Mha husalimiwa akasalimia. Haachi salamu ya mwenzake ikaning'inia hewani. Mama Odilia alipompigia mitatu, aliona kumjibu mmoja ni kumdharau mjane wa watu. Akarudisha mitatu, akaongeza na mmoja wa heshima. Mama Odilia naye, Mha mwenzake, angeiacha vipi hiyo minne bila jibu? Asubuhi nzima kengele zililia kwenda na kurudi, huku kule mwisho wa waya mzee akiinama na kupiga makofi ya salamu peke yake mbele ya jenereta, na mashuka ya wazazi yakingoja mvuke.

"Sasa mimi ningemkatiza wapi?" Mama Odilia alilalamika. "Yeye ndiye mkubwa. Ndiye wa kumaliza."

Hapo Makarius akaelewa kwamba wito na jibu haviwezi kupita njia moja. Aliondoa kengele katika majibu, akaweka vibao vidogo vya bati vyeupe: wito ukipokelewa, kibao kinaanguka kwenye ukuta wa aliyeita. Kibao hakina salamu. Toka siku hiyo mambo yakanyooka. Taa hazikuzimika tena juu ya tumbo la mtu, na Makarius akaanza kulala usingizi wa mwenye haki.

Sasa kwenye usingizi huo ndiko ilikoingia nyama.

Aliitwa ofisini saa nane mchana, siku hiyo hiyo ya Ijumaa. Ndugu Longinus, katibu wa kituo, aliletwa Rusenga kutoka mkoa wa mbali. Mkutanoni alitaka aitwe Ndugu, kama watu wote. Ofisini mwake alitaka aitwe Bwana Mkubwa, na aliyechanganya mahali alijuta. Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya kwao, naye hakuona sababu ya kuibadili kwa ajili ya watu wa huku. Makarius alimkuta anachokoa meno kwa kijiti cha kiberiti.

"Fungula hilo dirisha," alisema, "halafu ukae."

Makarius akafungua, akakaa.

"Nasikia umetengeneza kengele ya kuongeza baridi."

"Ndiyo, Ndugu Katibu."

"Nani?"

"Ndiyo, Bwana Mkubwa."

"Safi. Sasa tazama ukuta wangu. Nina kitufe cha taa. Nina kitufe cha maji. Cha baridi sina. Nani anacho?"

"Nesi Ernesta peke yake. Chanjo iko mikononi mwake."

"Na kituo kiko mikononi mwa nani?" Katibu alikitazama alichokichokoa, akakirudisha mdomoni. "Wateja wangu wa Kibondo wanangoja. Ile nyama nataka igande iwe jiwe, ifike kule haijanuka. Niwekee waya. Tena usipitie kwa yule bibi wa mifagio. Moja kwa moja."

"Ikiganda nyama, itaganda na chanjo. Na chanjo ikishaganda imekufa."

"Imekufa? Umeona kaburi lake?" Katibu alicheka. "Wewe ulisomea umeme ama ulisomea dawa? Watoto watachanjwa, vitabu vitajazwa, mkoa watafurahi. Unataka nini zaidi?"

Midomo ya yule bwana iling'aa mafuta, na kila iliponyanyuka kucheka ilionyesha uzi wa nyama uliobaki kwenye jino. Makarius alihamisha macho dirishani.

Katibu akalegeza sauti, kama mtu anayetia sukari katika kikombe cha mwenzake. "Sikia, kijana. Huku unaoza. Nina shemeji Dar es Salaam, ofisini kwao wanayo kompyuta, imesimama kwa kukosa mtu wa kuisemesha. Neno langu moja tu. Unadhani Mungu alikupeleka Ulaya ili uje ufunge kengele za baiskeli?"

Hilo lilimpata. Lilimpata mahali ambapo yeye mwenyewe alikuwa akijichoma kila siku. Aliiona ile mashine, taa zake ndogo, akausikia utepe ukikimbia. Mdomo wake, ambao ulipaswa kusema hapana, ulisema, "Niache nifikiri."

"Fikiri," Katibu alisema. "Ila nyama haifikiri."

Makarius alitoka na kwenda moja kwa moja kanisani. Alipiga magoti kwenye benchi la nyuma. Alijaribu Baba Yetu, akakwama pale pa kuomba asitiwe kishawishini, maana alijua kwamba kishawishi hakipo mlangoni kinabisha. Alikwisha kukipa kiti na maji ya kunywa. Alijinusa mikono. Ilinuka ile nyama, ingawa hakuigusa. Akakumbuka alivyomcheka moyoni mara nyingi Katibu na kumwona mtu mchafu, na sasa uchafu ule ule ulikuwa umemwita kwa jina akaitika.

"Bwana," alisema kwa sauti, kwa kuwa hapakuwa na mtu, "waya huo siuweki. Hata nikizeekea hapa na kengele. Unisaidie kusema hivyo mbele yake, kwa maana mbele yako ni rahisi."

Akainuka jua likiwa limeanza kushuka. Lakini ofisi ilikuwa imefungwa, na gari la kituo halipo.

"Amekwenda Kasulu kwenye mkutano, atalala huko," Mama Odilia alimwambia kutoka kwenye stoo yake. "Alisimama kwanza pale kwa Nsabimana. Hata garini hakushuka. Alipiga kelele dirishani, akaonyesha chumba cha baridi kwa kidevu, akaondoa gari."

"Alisema nini?"

"Upepo ulichukua. Nilisikia tu 'yote'. Alisema 'yote', halafu 'usiache'."

Kumbe mtu yule hakungoja waya. Kwa nini angoje, na yeye ana mdomo? Unaweza kutengeneza kiini safi, ukaweka ruhusa na vibao, halafu mkubwa akapita kando yake kwa gari na kupiga kelele dirishani. Koki ile ikifunguliwa mpaka mwisho, baridi huwa kali ya kugandisha ndani ya muda mfupi tu. Alihesabu muda aliokuwa kanisani akijisafisha moyo, akaona aibu. Alikuwa akiomba ujasiri wa kusema neno, na neno lilikuwa likisemwa na mwingine.

Alikimbia mtelemkoni. Nusu ya njia alipokewa na moshi, na ndani ya moshi harufu ya nyama ya kuchoma iliyochanganyika na ile harufu ya asubuhi, kama mtu aliyejipaka manukato juu ya kidonda. Hakusimama. Alivuta mlango wa chumba cha baridi.

Gurudumu la koki lilikuwa pale pale alipoliacha. Kipimajoto kilionyesha kile kile. Alishika boksi moja, akatoa chupa, akaitikisa kwenye mwanga: ilikuwa maji maji, yenye wingu laini, haijaganda. Kisha akatazama juu. Kulabu zilikuwa tupu.

Nyuma ya nyumba ya mitambo, kwenye vibanda ambako jamaa za wagonjwa hupika, watu walikuwa wamejaa kama siku ya ubatizo. Masufuria yalichemka. Mapande yalikuwa juu ya makaa, na mafuta yake yalitoa moshi mweusi. Bibi mmoja aliyemleta mjukuu wake alikuwa amefumba macho, anatafuna polepole kwa ufizi. Mzee Kipriani alikuwa ameshika mfupa kwa mikono miwili na hakutaka kuzungumza na mtu. Katikati yao Nsabimana, mikono ya shati imekunjwa, anagawa kwa haraka, jasho linamtoka, kama mtu aliyepewa kazi kubwa kuliko muda.

"Nsabimana. Umefanya nini?"

"Karibu, Bwana Fundi." Alionekana amechoka kwa kweli. "Nyama nyingi. Mimi peke yangu siwezi. Nimeita watu."

"Nani amekuambia?"

"Bwana Mkubwa. Amepita na gari. Amesema, fungura yote. Usiache hata kidogo." Akafuta paji la uso. "Mtu mwema. Mimi sikujua kama ni mtu mwema."

Mama Odilia, aliyekuwa amefika nyuma ya Makarius akihema, alishika mdomo kwa kanga. Mabega yake yalianza kutikisika.

"Mama, kuna nini?"

"Fungura," alisema, na machozi yalikuwa yakimtoka. "Kwao Burundi fungura ni kula, mwanangu. Tena ni kula kwa heshima, neno la kumkaribishia mgeni. Na yule bwana wetu hasemi fungua kama watu. Anasema fungula. Na Mrundi l hana, yeye husikia r."

Makarius alimtazama Nsabimana. Uso wake ulikuwa mtulivu kama maji ya mtungi. Kama kulikuwa na kitu chini ya utulivu ule, kilikuwa kati yake na Mungu.

Nsabimana alichagua pande, akalipuliza majivu, akamnyooshea Makarius kwa mikono miwili, akiinama kidogo. Watu waliacha kutafuna wakamtazama. Kulikataa kungekuwa kumtukana mbele ya wote, mtu aliyevuka mpaka na jembe moja na leo kwa mara ya kwanza ndiye anayekaribisha. Makarius akalipokea kwa mikono miwili, akalitia mdomoni. Lilikuwa na ladha ya moshi, na chini ya moshi ladha ya dawa ya kusugulia sakafu, na chini ya dawa kitu kitamutamu ambacho nyama haipaswi kuwa nacho. Alitafuna. Alimeza. Alisema asante, akaenda nyuma ya tangi la maji na kusimama huko kwa muda, mkono ukutani.

Ernesta alipopata habari alikuja na chupa ya dawa ya tumbo na kijiko, akawapanga wote mstari, akawanywesha mmoja baada ya mwingine kama Komunyo. Waliugua wachache, kidogo. Jumatatu akina mama wa Murungu walijaza uwanja, na watoto walilia kwa haki.

Katibu alikuwa amerudi tangu Jumamosi mchana. Alizihesabu kulabu tupu moja moja. Kisha akaita watu wote wa mitambo.

"Nani ameiba nyama?"

"Hakuna aliyeiba, Ndugu Katibu," alisema Mzee Kipriani, akisisitiza lile Ndugu kwa kuwa walikuwa wengi. "Tulikula tu. Ilikuwa amri."

"Amri ya nani?"

"Yako," alisema Nsabimana. "Na Mungu akulipe."

Katibu alifungua mdomo. Ernesta alikuwa amesimama pale karibu, mikono kifuani, na ilionekana wazi kwamba akiulizwa nyama ile ilikuwa ikitafuta nini katika chumba cha chanjo angejibu, tena angejibu kwa sauti ya kufika mkoani. Katibu akageuka akarudi ofisini.

Makarius alidhani jambo limekwisha. Mtu akiaibika namna ile, alidhani, huanza kujitazama. Lakini hakikupita kitambo akaitwa tena ofisini, na kijiti cha kiberiti kilikuwa mdomoni kama kawaida.

"Wiki ijayo kuna mzigo mwingine," Katibu alisema. "Na yule Mrundi wako nimemwambia mwenyewe, taratibu, kwa mikono. Unajua amenijibu nini? 'Kiswahili sikisikii vizuri, Bwana. Mimi nasikia kengele.'"

Makarius aliutazama ule ukuta wa vitufe.

"Basi niwekee kengele. Kitufe cha baridi, hapa. Shemeji yangu bado anangoja jina."

Makarius alimtazama. Alikuwa amejiandaa kwa hasira, akakuta hasira haipo. Kilichokuwapo ni kinyaa, kile kinachomjia mtu anapoinua jiwe lenye majimaji. Wala hakikumwacha yeye nje, kwa kuwa lile neno la shemeji lilikuwa bado linamtekenya.

"Jina langu usilipeleke," alisema. "Chanjo haitaganda kwa waya wangu." Sauti yake ilitetemeka, lakini ilitoka. "Kitufe nitakuwekea. Kila mwenye ofisi ana haki ya kuita. Kitapita kwa Mama Odilia, kama vingine vyote."

Katibu alisikia neno kitufe tu. "Basi weka," alisema.

Makarius aliuvuta waya mwenyewe, akaufunga vizuri, bila hila. Kwenye ukuta wa Katibu aliweka kitufe, na chini yake, kando ya vibao vyeupe, akaongeza kibao cha namna mpya, chekundu. Halafu alikwenda stoo akamweleza Mama Odilia. Alirudia maelezo mara mbili, ingawa mama alikuwa ameelewa mara ya kwanza.

"Kwa hiyo siupeleki," mama alisema.

"Huupeleki. Lakini hunyamazi pia. Aliyeita lazima ajibiwe. Unamrudishia nyekundu."

"Na akija hapa kunigombeza?"

"Atakuja."

"Basi nitamwambia ukweli. Kwamba wito wake umefika salama, nimeusikia, na hana ruhusa nao." Alijishika rozari shingoni. "Kukataa nako ni ujumbe. Mimi kazi yangu ni kupeleka."

Mzigo ulifika Alhamisi. Makarius alikuwa koridoni, nje ya ofisi, akirekebisha swichi, alipomsikia Katibu akiinuka kitini na kubonyeza. Kisha bati dogo likaanguka: ta.

Katibu akabonyeza tena. Ta.

"Makarius," aliita. "Hii nyekundu ni nini?"

"Ni jibu, Ndugu Katibu."

Hakuitika lile Ndugu. Alibonyeza tena, safari hii bila kuinua kidole, na kupitia uwazi wa mlango Makarius aliuona mgongo wake mpana na shingo yake iliyolowa jasho, mwili mzima ukisukuma kitufe ukutani, na nzi mmoja aliyetua kwenye ukosi bila kufukuzwa. Nje, lori lilikuwa linanguruma, na damu ilikuwa imeanza kudondoka kutoka kwenye mbao zake. Makarius hakufurahi kama alivyokuwa ametegemea kufurahi. Alikusanya bisibisi zake, akaenda bombani, akaomba sabuni, na kunawa mikono mpaka viwikoni, huku kule nyuma yake bati likianguka, na kuanguka.